Saa ya Mwanzo Anaamuru Nani?

Kuna wazo moja ambalo hapa Unguja huamka kila baada ya ajali kubwa, likazungumzwa vibarazani wiki mbili tatu, kisha likalala mpaka ajali nyengine. Wazo lenyewe ni kwamba vyombo vyote vinavyoshughulikia usalama wa raia wakati wa dharura, yaani zimamoto, waokozi wa baharini, gari za wagonjwa na hata wakaguzi wa vyombo, vitolewe huko viliko na viwekwe chini ya taasisi moja ya maafa yenye mkuu mmoja. Anayetaka kujua kwa nini wazo hili linapendwa aangalie mambo yalivyogawika hivi sasa. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ipo chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi pamoja na KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni Idara Maalum za SMZ, na Idara Maalum zimewekwa Ofisi ya Rais, pamoja na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mamlaka ya Usafiri Baharini na Shirika la Bandari wako kwa waziri wa uchukuzi. Gari za wagonjwa na hospitali ni za Wizara ya Afya. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo waziri wao yuko Dodoma. Meli ikizama leo kati ya Malindi na Mkokotoni, ofisi tano zinahusika kabla hatujalihesabu jeshi wala watu wa hali ya hewa.

Kwa hiyo wanaosema tuunganishe hawasemi ovyo. Wameliona tatizo, na tatizo ni la kweli. Lakini nadhani wanataka kulitatua pasipo. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni amri, na amri hiyo iwe imeshaamuliwa kabla chombo hakijapinduka: nani mkubwa wa eneo la tukio, nani anapokea simu, nani anaweza kumwambia mwengine "toa boti yako sasa hivi" na akaitoa. Vikosi vyenyewe, na kofia zao na mishahara yao na ujuzi wao, vibakie vilivyo. Na siku mtu atakapokwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, na mswada wa kuupanga upya mfumo wetu wa maafa, ningependa wajumbe wamuulize habari za saa ya mwanzo kabla hawajamuuliza habari za muundo na vyeo. Katika saa hiyo atafika nani, nani atakuwa amemwambia, na akifika atapokea amri ya nani?

Tuanze na lile ambalo hakuna Mzanzibari mtu mzima asiyelikumbuka. Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, MV Spice Islander iliondoka bandari ya Malindi kwenda Pemba. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, watu wanarudi makwao, na meli ilikuwa ya siku nyingi, imeundwa Ugiriki mwaka 1967. Ilipinduka katika mkondo wa Nungwi kwenye saa saba za usiku. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake, mwezi Januari 2012, ilisema ndani ya chombo kilichoruhusiwa kubeba watu takriban 600 walikuwemo watu 2,470. Miili iliyopatikana ni 203. Watu 1,370 hawakuonekana. Katika siku za mwanzo hesabu zilizokuwa zikitajwa hadharani zilikuwa ndogo mno kuliko hizo, na haikuwa lazima pawe na mtu anayeficha: hapakuwa na daftari moja la abiria la kutegemewa, na asiye na daftari hawezi kujua anatafuta watu wangapi, wala lini aache kutafuta.

Nani alifika mwanzo? Wavuvi wa Nungwi na vijiji vya jirani, kwa mashua na boti za mashine, na watu wa boti zinazowapeleka watalii kuzamia kwenye matumbawe. Hawa hawamo katika orodha ya idara yoyote. Hawana kofia wala kikosi. Vyombo vya Serikali vilikuja, na vilifanya kazi kubwa. Miili ilipokelewa na jamaa wakaitambua katika viwanja vya Maisara, na kazi ile haikuwa ndogo. Walikuja hata wazamiaji kutoka Afrika ya Kusini, lakini kina cha mkondo wa Nungwi si cha mzamiaji. Ninachotaka tukitazame ni masafa. Makao makuu ya KMKM yako Kibweni, karibu na mjini. Mkondo wa Nungwi uko ncha ya kaskazini ya kisiwa. Hata kama Kibweni, bandari ya Malindi, hospitali ya Mnazi Mmoja na Zimamoto wote wangekuwa chini ya mkurugenzi mmoja usiku ule, masafa yasingepungua hata maili moja. Kilichoweza kupungua ni muda: tangu nahodha au abiria wa kwanza alipopiga simu kuomba msaada mpaka mtu mwenye mamlaka ya kutoa amri alipoisikia, na tangu hapo mpaka mvuvi aliyelala Nungwi alipogongewa mlango. Muda huo ndio uhai wa mtu aliyeshikilia godoro baharini, na haupungui kwa kubadilisha jina la wizara mlangoni.

Ajali ile pia inatuonyesha jambo la pili, ambalo watu wa kuunganisha hulipita haraka. Kosa lake kubwa lilitokea gatini, wakati chombo kilipoachiwa kuondoka na watu mara nne ya kiwango chake. Hilo ni jambo la ukaguzi, la leseni, la mtu mwenye ujasiri wa kumwambia mwenye meli "hutoki." Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, katika upepo wa kusi na siku mbili tatu tu kabla ya Ramadhani, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam na watu wapatao 290 ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Kisiwa hicho, na mnara wake wa taa, mtu anakiona kutoka ufukwe wa Chukwani. Nusu ya watu waliokuwemo, kwa kukadiria, ndio waliookolewa. Baada ya hapo waziri aliyekuwa na dhamana ya usafiri, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, na jambo hilo si la kawaida katika siasa zetu. Nalitaja kwa sababu kujiuzulu kule kuliwezekana kwa kuwa ilijulikana wazi dhamana ya vyombo vya baharini ni ya nani. Mchukue mkaguzi wa meli, mwokozi wa meli, na mchunguzi wa ajali ya meli, uwaweke wote chini ya mkuu mmoja, halafu uniambie uchunguzi utamgusa nani. Mchunguzi atakuwa anaandika ripoti juu ya mwenzake wa chumba cha pili, na ripoti hiyo itasainiwa na bosi wao wote wawili. Katika usalama wa watu ni lazima awepo mtu wa nje wa kuuliza maswali, na kuunganisha kila kitu kunamfanya mtu huyo awe wa ndani.

Najua jibu litakalokuja, maana kila mtu wa pwani analijua: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini msemo huo unazungumzia manahodha tu. Haukusema serehangi, fundi wa mashine na mpishi wote wawe mtu mmoja, wala haukusema chombo kikiwa na nahodha mmoja basi hakizami. Wenye hoja hii wana ushahidi wao, na si haki kuupuuza. Bara, kabla ya sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, zimamoto ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mji mmoja una gari, mwengine hauna hata mpira wa maji, mafunzo hayafanani, na askari wa mji huu hawezi kuhamishiwa mji ule. Sheria ile ikawakusanya wote chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa mafunzo, kwa vyeo na kwa ununuzi wa vifaa, hiyo ilikuwa hatua nzuri, na mimi siipingi. Lakini mwezi Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilipoanguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, waliofika mwanzo walikuwa nani? Wavuvi tena. Watu 19 walikufa na 24 wakatoka hai, na kijana mvuvi mmoja aliyesaidia katika uokozi akapewa baadaye ajira katika jeshi hilo hilo la zimamoto. Serikali ilifanya jambo la heshima kumpa kazi, ila na sisi tuone maana yake: ilibidi mwokozi aingizwe kikosini baada ya uokozi, kwa sababu wakati wenyewe kikosi hakikuwa na mtu majini.

Mfano mkubwa zaidi wa kuunganisha uko Marekani, na inafaa kuuangalia kwa sababu hakuna nchi iliyowahi kulifanya jambo hili kwa fedha nyingi kuliko ile. Marekani walikuwa na shirika lao la maafa, FEMA, tangu mwaka 1979. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 waliamua kwamba tatizo lao lilikuwa utitiri wa taasisi. Mwaka 2003 wakakusanya taasisi 22, FEMA ikiwa mojawapo, wakazitia katika wizara moja kubwa ya usalama wa ndani. Miaka miwili na miezi baadaye, Agosti 2005, kimbunga Katrina kikapiga, kuta za kuzuia maji za New Orleans zikavunjika, na watu zaidi ya 1,300 wakafa. Dunia nzima iliona kwenye televisheni watu juu ya mapaa wakingoja siku na siku. Wizara ilikuwepo, bajeti ilikuwepo, mkuu mmoja alikuwepo. Lakini shirika la maafa lilikuwa limesogezwa mbali na Rais, limepoteza wataalamu wake, na ndani ya wizara kubwa iliyokuwa ikifikiria magaidi, kimbunga kilikuwa shughuli ya mtoto wa kambo. Mwaka 2006 bunge lao likatunga sheria nyengine kulirudishia FEMA sehemu ya nafasi na uwezo lililokuwa limenyang'anywa. Wakubwa wakiunganishwa na wadogo, vipaumbele vya wakubwa ndivyo vinavyoshinda. Hapa kwetu mkubwa ni nani? Ni vikosi vyenye silaha, vyenye bajeti na vyenye sauti. Ukiitia Kamisheni ya Maafa na gari za wagonjwa katika chungu kimoja na vikosi, sina shaka nani ataonja wa mwisho.

Marekani hiyo hiyo ina mfano wa kinyume, na huu hautajwi sana. Mwaka 1970 California iliwaka moto kwa siku 13. Watu 16 walikufa na nyumba na majengo zaidi ya 700 yaliteketea. Vikosi vya zimamoto vilivyokwenda vilikuwa vingi, vya miji, vya jimbo na vya misitu ya taifa, na vilishindwa kusaidiana kwa sababu ndogo ndogo za kuudhi: redio hazisikilizani, jina moja la kifaa lina maana mbili, kila kamanda ana ramani yake. Hawakuvivunja vikosi wakaunda kimoja. Walikaa miaka kadhaa wakatunga mfumo mmoja wa kuamuru eneo la tukio: wa kwanza kufika mwenye sifa ndiye kamanda mpaka afike mwenye sifa zaidi na kukabidhiwa rasmi, maneno ni yale yale kwa wote, kila mtu anapokea amri kwa mtu mmoja tu, hata kama mtu huyo si wa idara yake. Mfumo huo leo unatumika nchi nyingi. Haukuhitaji wizara mpya. Ulihitaji mazoezi, tena mazoezi ya mara kwa mara, na watu waliokubali kuvua vyeo vyao wakiwa eneo la moto.

Pasipokuwa na mfumo wa namna hiyo, hata Amiri Jeshi Mkuu mmoja hatoshi. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Polisi wa kikosi maalum cha Recce waliingia na wakawa wanawasukuma wavamizi upande mmoja. Kisha wanajeshi wakaingia, wasielewane na polisi, na afisa wa Recce akauawa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Polisi wakatoka. Wavamizi wakapata nafasi ya kupumua, na sakata likaendelea mpaka siku ya nne. Wote wale, polisi na jeshi, walikuwa wa rais mmoja na bendera moja. Kilichokosekana ni mtu mmoja mlangoni aliyetambuliwa na pande zote mbili.

Narudi kwetu, maana sisi tuna tatizo ambalo California hawana. Hata tukitaka kuunganisha kila kitu, hatuwezi. Polisi ni wa Muungano. Jeshi ni la Muungano. Mamlaka ya Hali ya Hewa ni ya Muungano. Taasisi moja ya Zanzibar ya dharura, hata ikipewa jengo la ghorofa kumi Maruhubi, itazaliwa ikiwa haina mtabiri wa dhoruba, haina polisi wa kufunga njia na haina helikopta. Italazimika kukubaliana na taasisi za upande wa pili tangu siku yake ya mwanzo. Na ikiwa makubaliano ni lazima kwa vyovyote vile, kwa nini tusiyafanye makubaliano yenyewe kuwa ndio kazi, badala ya kumaliza miaka mitatu tukihamisha mafaili na kugombania gari?

Tunaweza, na tumeshaonyesha. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa zake mfululizo, watu wa bandari na wa vyombo wakazifuata, boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kimbunga kikatua Mafia tarehe 4 kikiwa kimeshapungua nguvu, kwa hiyo nisiseme kwamba tulikishinda; bahati ilikuwa na sehemu yake, na sehemu kubwa. Lakini taarifa ilitoka mahali pamoja, amri ikafuata taarifa, na mwenye boti hakuuliza ni ya wizara gani. Mfumo niliokuwa nikiuelezea unafanana na huo, na siku zile hakuna idara iliyohamishwa.

Pahala pagumu zaidi kuliko bahari, kwa maoni yangu, ni Mji Mkongwe, na hapa naomba mnivumilie kidogo nizame. Chukua nyumba ya ghorofa tatu ndani ya vichochoro vya Kiponda au Sokomuhogo, chini duka la vinyago na vitambaa, juu wapangaji, na mpishi anapikia gesi kwenye ngazi. Moto unashika saa mbili usiku. Gari ya zimamoto haiingii; njia nyengine pale hata mkokoteni hupita kwa adabu. Lazima mpira wa maji uvutwe kwa mikono kutoka barabarani, kwa hiyo anatakiwa mtu wa Mamlaka ya Maji aliye tayari kuongeza nguvu ya maji katika mtaa huo. Lakini maji hayamwagwi kwenye nyaya zenye umeme, kwa hiyo anatakiwa mtu wa Shirika la Umeme akate laini ile, si mtaa mzima, maana giza nalo linaua katika ngazi za mawe. Sakafu ya nyumba imelala juu ya boriti za mikoko, imeshindiliwa mawe na chokaa. Ikilowa inazidi uzito, na boriti zikishika moto chini yake zinaachia. Anayejua ukuta upi umebeba na upi haukubeba ni fundi wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Anayejua kwamba chumba cha nyuma analala bibi kizee asiyeweza kutembea ni jirani, na baada ya jirani ni sheha. Hivyo ni vyombo vitano sita kwa nyumba moja, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema tumhamishe sheha na fundi wa umeme tuwapeleke zimamoto. Anachohitaji ofisa wa zimamoto aliyesimama pale na kofia yake ni simu moja inayowaamsha wote, na sheria inayosema kwamba usiku huo, katika mtaa huo, neno lake ndilo linalofuatwa.

Hatuzungumzi nadharia. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la makumbusho la Mji Mkongwe, iliporomoka mchana kweupe, mafundi wakiwa ndani kwenye kazi ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na wawili kati yao wakafa. Jengo lilikuwa halipokei wageni kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu wake, kwa hiyo hatari ilijulikana na idara ya makumbusho, na Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mkandarasi. Swali ni kama hatari inayojulikana na wahifadhi huwa inafika kwa waokozi kabla ya siku yake. Orodha ya majengo mabovu ya Mji Mkongwe ingekuwa inakaa mezani kwa zimamoto na kwa kamisheni kila mwaka, hiyo peke yake ingekuwa mageuzi makubwa kuliko kubadilisha nembo.

Sasa nijibu pingamizi ambayo naiheshimu zaidi. Watasema: makubaliano ni karatasi. Komodoo wa KMKM hatamtii mkurugenzi wa kiraia kwa sababu ya karatasi. Mtu hutii anayemlipa na anayempandisha cheo. Ni pingamizi nzito, na wanaoijua Serikali wanajua si ya kubuni. Jawabu langu ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo jambo hili lisiachwe kwenye makubaliano ya kirafiki; liandikwe katika sheria ya 2015 kwa marekebisho, na Baraza pale Chukwani lina uwezo huo. Iandikwe kwamba katika aina hii ya tukio kamanda ni wa kikosi fulani, na katika aina ile ni wa kikosi kingine: baharini KMKM, kwenye moto na majengo Zimamoto, kwenye maradhi ya kuambukiza daktari. Mkurugenzi wa Kamisheni asiwe kamanda wa mtu yeyote mwenye sare. Yeye awe mwenye simu, mwenye ghala, mwenye ratiba ya mazoezi, na mwenye wajibu wa kupeleka barazani, baada ya kila tukio, ripoti ya saa kwa saa: simu ilipokewa saa ngapi, amri ilitoka saa ngapi, chombo cha kwanza kiliondoka saa ngapi. Askari humtii anayempandisha cheo, sawa. Lakini pia huogopa kusomwa jina hadharani na dakika arubaini zisizoelezeka.

Wa gharama nao watasema kisiwa kidogo hakiwezi kumudu kila idara kuwa na boti zake, redio zake na karakana yake. Hapo nakubaliana nao bila ya ubishi, na ndipo ninapotaka kuunganisha kweli kweli: vifaa vinunuliwe pamoja, redio ziwe za aina moja, matengenezo yafanywe pahala pamoja. Hilo halihitaji kuwaunganisha watu.

Imebaki sehemu ambayo taasisi yoyote ya juu, iwe moja au kumi, huisahau. Mwezi Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto wanane na mtu mzima mmoja wakafa, na wengine 78 wakalazwa. Haikuwa mara ya mwanzo. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Serikali ilituma timu ya maafa ikiongozwa na Waziri Hamza Hassan Juma, na timu ikawasihi watu waache kula kasa. Hapo gari ya zimamoto ingefanya nini? Maafa yale yangeweza kuzuiliwa na sheha, mwalimu wa skuli, imamu wa msikiti na bwana samaki, kwa neno lililosemwa kila mwaka baina ya ajali ya 2021 na ile ya 2024. Kamati ya maafa ya shehia ndiyo idara ya kwanza ya dharura nchini, na ndiyo masikini kuliko zote. Mara nyingi haina hata salio la simu.

Na wavuvi wa Nungwi, wa Mkokotoni, wa Kizimkazi, wa Chukwani, wao hawana sehemu yoyote katika mpango. Mvuvi akigongewa mlango saa saba za usiku kwenda kuokoa watu, anachoma petroli aliyoinunua kwa samaki wa jana, na siku ya pili hatoki kuvua. Hakuna anayemlipa, na wala yeye hadai. Ningeanza mageuzi hapa: kila diko lenye boti za mashine liandikishwe kwa Kamisheni, manahodha wachache wapewe redio, maboya na mafunzo ya kumtoa mtu majini na kumpa pumzi, wafanye zoezi moja na KMKM kila mwaka kabla ya kusi kuanza, na petroli wanayoitumia katika uokozi irudishwe ndani ya wiki moja kwa kifungu maalum cha bajeti. Ni kifungu kidogo, nadhani hakifiki bei ya gari moja mpya ya zimamoto. Mwakilishi yeyote anaweza kukiomba katika kikao cha bajeti, bila ya kuhamisha idara hata moja.